Bloa inaandika 350, mita yangu inasoma 280

Sijui nianze na mashine au na yule kijana wa dukani. Basi mashine kwanza, maana ndiyo iliyokula hela.

Ni stesheni ya kutengenezea simu, bloa ya kupuliza hewa ya moto na pasi ya kuyeyushia risasi (ile ya kuunganishia vipuri kwenye bodi) kwa pamoja, nimeichukua Kariakoo miezi kadhaa iliyopita. Nikaweka nyuzi 350, nikaipuliza aisii ya chaji, kile kipuri cheusi kinachoongoza chaji ya simu, mpaka mkono ukachoka, haijongei. Risasi ya kiwandani kwenye simu za sasa inataka nyuzi 217 hadi 220 ndipo iyeyuke, si 183 kama waya wetu wa kuchomelea wa 63/37 (bati 63, madini ya risasi 37), na bodi yenyewe inanyonya joto. Aisii ilipokuja kutoka, ilikuja na padi zake, vile vituo vya shaba inapokalia kwenye bodi.

Nikachomeka kwenye mita ule waya wa kupimia joto wa aina ya K, kichwa chake nikakiweka mdomoni kabisa mwa bloa, nikaacha namba itulie. 280! Najua ukibadilisha upepo au ukiusogeza waya namba inacheza, kwa nyuzi kumi nisingefungua mdomo. Lakini sabini?

Nikairudisha. Kijana hata kuitazama mita hakutaka. "Mkubwa, hiyo mita yenyewe ya shilingi ngapi?" Akawasha bloa, akachukua risiti yangu pale kaunta, akaipuliza. Ikawa nyeusi tii. "Haya, moto si huo?" Jamani! Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, ni karatasi inayoandikwa kwa joto, hata ukiisahau kwenye dashibodi juani inaharibika. Draya ya saluni ingefanya kazi hiyohiyo. Sasa tarehe haisomeki, bei haisomeki, na yeye yule aliyeichoma ananiambia bila risiti habadilishi kitu. Wateja wengine wanacheka.

Nilikuwa nimeapa sitaisifu, ila pasi yake, mmh, pasi ni ya moto kweli. Niliipima kwa kile kipimo cha joto la ncha ya pasi, na tone la risasi kwenye sensa ili joto lipite: 346 kwa 350. (Msipime ncha inayong'aa kwa bastola ya kupimia joto kwa miale, itawasomea chini mno.) Halafu nikagundua kwenye menyu kuna sehemu ya kurekebisha. Nikaingiza ile tofauti ya sabini ya bloa, ikanyooka, na sasa aisii zinatoka bila ugomvi.

Kwa hiyo inunueni? Kwa bei ile, nadhani ndiyo. Hapana, ngoja. Kwa nini mimi ndiye nimalizie kazi ya kiwanda, kwa mita yangu, mezani kwangu? Fundi asiye na mita ataunguza simu za watu ngapi akiamini zile namba za kijani? Pasi naipa nyota tano, bloa mbili, duka halipati kitu. Na ile bodi ya mteja nimeilipa mimi, kiwanda hakina habari, na kijana yuko pale pale anauza.