Uzoefu wangu: njia za baiskeli ya changarawe kwenye bonde la mto

Hukumu naitoa mapema, maana najua wengi hushuka mpaka chini kuitafuta. Kifurushi hiki cha njia kinafaa. Ila namba zake za mwinuko usiziamini, na ule mzunguko mrefu upige kinyume na ulivyochorwa.

Hii si safari ya kuongozwa. Unapewa mafaili ya GPX, yaani michoro ya njia inayosomwa na vifaa vya GPS, ya kupakia kwenye simu au kwenye kompyuta ndogo ya usukani, na kwa kila njia kuna maelezo mafupi: urefu, hali ya barabara, mwinuko wa jumla, sehemu za kupata maji. Njia zote zimo ndani ya bonde moja la mashambani, mbali na magari. Kuna inayoandamana na mto wenyewe, kuna inayopita juu kwenye ngazi ya bonde, ile sakafu bapa iliyo juu ya mto, na kuna mzunguko mrefu unaoziunganisha hizo mbili.

Wageni wengi huikimbilia ile ya mtoni kwa sababu kwenye ramani ni tambarare. Tambarare ni kweli, lakini tambarare haina maana ya nyepesi. Mto unaojipinda hula ukingo wa nje wa kona na kumwaga mchanga ukingo wa ndani, kwa hiyo kila njia inapokata kona kwa ndani unakuta mchanga wa kuzamisha gurudumu la mbele. Kabla ya kuingia teremsha gia, sogeza uzito nyuma, legeza mikono, na usiache kupiga pedali. Ukisita hapo, unashuka. Baada ya mvua mchanga huo unakuwa mgumu na mzuri ajabu, na shida inahamia kwenye tope la uwanda wa mafuriko. Lile tope laini linanasa kati ya tairi na fremu, linakauka huku unaendesha, na gurudumu linaanza kugoma kuzunguka. Fremu isiyoacha nafasi ya kutosha pembeni mwa tairi haitakusaidia, hata iwe ya bei gani.

Halafu kuna vijito. Kila kijito kinachoingia mtoni kimechimba korongo lake, na njia ya mtoni lazima ishuke ndani ya kila moja na kupanda tena. Ni vipando vifupi, vikali, vyenye kokoto zinazoteleza, na havionekani vizuri kwenye mchoro wa mwinuko. Mimi natumia meno 40 mbele na 42 kwenye gia kubwa ya nyuma, na kuna sehemu nilitamani mepesi zaidi ya hapo.

Ya juu ndiyo naisifu bila kusita. Ngazi ya bonde ni sakafu ya zamani ya mto, iliyobaki juu baada ya maji kuchimba kwenda chini, na mara nyingi chini ya udongo wake kuna kokoto za mto zilizoviringwa na maji. Maji ya mvua hunywea haraka, barabara hukauka mapema, na unaliona bonde lote bila kulihangaikia. Aliyeichora hii njia aliipita kwa baiskeli, si kwa kidole kwenye skrini. Inakwepa kipande cha barabara pana kinachopitwa na malori, inashika kijia cha mashambani sambamba nacho, kisha inarudi pale barabara inapotulia. Uamuzi wa namna hiyo programu ya kompyuta haiufanyi yenyewe.

Hicho kipande cha malori nilikipita kwa udadisi, nikaelewa kwa nini kilikwepwa. Kimejaa makunyanzi ya kukatiza barabara, yale yanayotetemesha mpaka meno. Watu husema yanatokana na springi za magari. Mwaka 2007 wanafizikia walizungusha gurudumu dogo juu ya mchanga mkavu maabarani, na makunyanzi yakajitokeza hata bila springi, mradi mwendo umepita kiwango fulani. Ndiyo maana yanakuwa mabaya zaidi pale magari yanapoweza kukimbia, na ndiyo maana ukitambaa pembezoni kabisa, ambako gurudumu la gari halifiki, unaweza kupata utepe laini wa upana wa kiganja.

Sasa lawama. Mwinuko wa jumla ulioandikwa kwa njia ya mtoni ni mkubwa kuliko unaoupanda, na ninaamini najua unakotoka. Data nyingi za mwinuko za bure zinazotumiwa duniani zina asili yake kwenye safari ya chombo cha anga cha Marekani ya Februari 2000, iliyopima uso wa dunia kwa rada, na kila kipimo kinawakilisha mraba wa kama mita 30. Njia inapopita chini ya genge, baadhi ya nukta zinaangukia juu ya genge. Kompyuta inakuhesabia umepanda ukuta, umeshuka, umepanda tena, na wewe hujainua makalio kwenye tandiko. Korongo jembamba la kijito nalo linamezwa ndani ya mraba mmoja, likapotea. Kwa hiyo unaongezewa vilima visivyokuwepo na kufichwa vilivyopo. Wauzaji wangeweza kurekodi kwa kifaa chenye kipima shinikizo la hewa na kuweka namba hiyo. Si kazi kubwa.

Hali ya barabara, kinyume chake, imeandikwa vizuri. Wametumia daraja tano za OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kwa njia za mashambani, ya 1 ikiwa ngumu karibu na lami, ya 5 ikiwa udongo mlaini usioshindiliwa. Niliyoyakuta barabarani yalilingana na yaliyoandikwa karibu kila mahali, isipokuwa vipande vichache vya daraja la 3 ambavyo baada ya mvua vinastahili kuitwa 5. Kwangu hiyo taarifa peke yake inazidi picha zote za machweo zilizopambwa kwenye tangazo.

Kuhusu mwelekeo wa mzunguko mrefu: umechorwa uanze kwa kupanda na mto asubuhi na kurudi kwa kushuka nao alasiri. Inavutia, kwamba jasho linatoka mapema na marejeo ni mteremko. Tatizo ni upepo. Jua likipasha miteremko, hewa hupanda, na bonde linavuta upepo kutoka chini kwenda juu. Nguvu yake huwa alasiri. Usiku unageuka. Ukifuata mchoro, unarudi nyumbani ukipigana na upepo wa uso kwenye sehemu ambayo mteremko wake ni mdogo mno kukusaidia. Ukigeuza, unashuka na mto asubuhi hewa ikiwa imetulia, na alasiri unasukumwa mgongoni. Kompyuta nyingi za baiskeli zinageuza faili kwa kubonyeza tu. Siku yenye upepo mkubwa wa eneo zima hesabu hii inavurugika, lakini siku ya kawaida ya jua inashika.

Asubuhi hiyo hiyo ina lake. Hewa baridi huzama na kulala chini ya bonde, kwa hiyo huko chini kuna ukungu na umande hata pale juu kunapong'aa. Vaa kitu cha kuzuia upepo, na madaraja ya mbao yavuke bila kukata usukani wala kushika breki. Lipo moja ambalo mbao zake zimelazwa kuelekea unakokwenda, na nyufa zake zinameza tairi jembamba. Maelezo ya njia hayalitaji kabisa, na hapo nimewanyima alama.

Tairi: milimita 40 ni kima cha chini, 45 ni raha. Zisizo na tyubu ndizo za hapa, kwa sababu mashamba yana miiba na ile dawa ya majimaji inayotiwa ndani ya tairi inaziba pancha ndogo kabla hujaijua. Angalia tu kwamba dawa haijakauka, kwani ndani ya miezi michache huisha unyevu. Upepo wa tairi mimi naweka kama bar 2 kwenye kipimo cha pampu, chini kidogo mbele kuliko nyuma. Ukijaza kama unakwenda kwenye lami, kokoto zitakurusha kila upande.

Kipande cha tuta la reli ya zamani, kinachofunga mzunguko, ni kizuri na kinachosha. Garimoshi haliwezi milima, hivyo reli nyingi zilishika mabonde ya mito. Great Allegheny Passage, njia ya baiskeli ya Marekani, ya kilomita 240 hivi kati ya Cumberland na Pittsburgh, imepita kwa sehemu kubwa juu ya njia za reli za aina hiyo. Unapata mwinuko ambao mguu hauhisi, saa nzima. Wanaokuja na watoto wachukue hicho peke yake, waachane na mengine. Mimi nilikuwa nahesabu nguzo.

Mtandao wa simu unapotea mara unapoingia penye kuta za bonde, kwa hiyo ramani ipakue kabla ya kutoka. Alama za maji kwenye faili nyingi ni sahihi, ila mbili za upande wa juu ni birika za kunyweshea ng'ombe. Chuja au beba yako. Na malango ya mashamba: ulikuta limefungwa, lifunge; ulikuta wazi, liache wazi. Njia ya juu inapita ndani ya mashamba ya watu kwa hisani yao, na wakilifunga lango moja tu, faili lote halina kazi.