Shafti za grafaiti F2 kwa sisi tuliovuka 60, baada ya miezi mitano

Wazee wenzangu, nimeulizwa sana pale klabu ya gofu ya Lugalo hizi shafti nyeusi (mipini ya fimbo zangu za gofu) ni za nini na kama kweli zinafanya kazi, basi naandika mara moja yaishe. Nina miaka 67, napiga kulia, hendikapu yangu (namba ya kiwango, ikipanda ndo unazidi kuwa mbovu) ni 19 na inapanda kama bei ya mafuta.

Aironi zangu, yaani zile fimbo za vichwa vya chuma, zilikuwa na shafti za chuma pia, Dynamic Gold S300, nilizichukua mtumba enzi hizo mgongo bado upo. Moja tu ina karibu gramu 130. Kwa kijana mwenye nguvu ni shafti safi sana, ila mimi sasa hivi badala ya kuchapa mpira nilikuwa nachapwa mimi. Mpira unatoka chini chini halafu unakimbilia kulia majanini, na usiku kiwiko kinauma mpaka birika la chai nalinyanyua kwa mkono wa kushoto. Kedi wangu, anayenibebea mfuko wa fimbo, ana adabu, hakuwahi kuniambia nimezeeka, nikiomba aironi 7 ananipa 6, inayopeleka mpira mbali zaidi, halafu anaangalia pembeni.

Mara ya kwanza nilikosea mwenyewe. Nilinunua za R, yaani ugumu wa kawaida (S ndo ngumu), kwa sababu tuseme ukweli jamani, kutembea na shafti iliyoandikwa ya wazee nilikuwa naona aibu. Kumbe hizo herufi hazina kipimo kimoja cha dunia nzima, kila kampuni ina yake, R ya huyu inaweza kuwa ngumu kama S ya yule! Halafu fundi (simtaji) hakupima tundu la kichwa cha fimbo, zangu zinataka ncha ya inchi 0.355 yeye kaleta za 0.370, akazikwangua na msasa hadi zikaingia. Shimo la nne aironi 8 ikakatika, kichwa kikaenda mbali kuliko mpira, kedi akacheka na mimi nikacheka ila roho iliniuma.

Baada ya hapo nikapimwa. Rafiki ana kirada kidogo cha mfukoni, draiva yangu, ile fimbo ndefu ya kuanzia, ikasoma kasi ya maili 78 kwa saa. Ukiwa chini ya 85 hivi, achana na habari za R. Nikachukua Recoil za UST Mamiya, hawa hawatumii herufi, wanahesabu F1 mpaka F5, F2 ndo ya wazee, F3 ndo R yao na F4 ni ngumu. Yaani heshima ya mtu imelindwa. Zangu zina gramu sitini na kitu, karibu nusu ya zile za chuma.

Sasa tusidanganyane, sijaongeza yadi ishirini. Aironi 7 imetoka 120 mpaka kama 128 ila mpira unapanda vizuri na unatua bila kukimbia sana, na kiwiko kimetulia, hilo peke yake limelipa hela yangu. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa sisikii kichwa kiko wapi, kwa sababu shafti ikiwa nyepesi na kichwa kinakuwa kama hakipo, nikawa napiga ardhi kabla ya mpira. Fundi wa pili akabandika utepe wa madini ya risasi gramu 4 nyuma ya kila kichwa, ikakaa sawa. Nikaweka na gripu (pa kushikia) nene, vidole vyangu asubuhi haviko sawa.

Bei inauma, seti nzima ni hela ya mbuzi kadhaa wa Idi, kwahiyo usibadilishe zote kwa mpigo. Funga ya aironi 7 kwanza, icheze mwezi mzima, na gundi iachwe ikauke usiku kucha, usikubali fundi akupe siku hiyo hiyo eti ishashika.

Zile S300 bado ziko stoo, kijana mwenye mgongo mzima aje Jumamosi asubuhi tuongee bei.