Malipo😛esa taslimu: miezi minne na programu inayogeuza alama kuwa sura

Mteja wangu mmoja wa Tabora, mama mtu mzima ambaye huu ni mwaka wa tatu tunafanya biashara ya mawese, alinipigia simu saa moja asubuhi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa kujivuta. Kisha: "Mwanangu, pesa yangu ina kasoro gani mpaka unaitolea ulimi?"

Sikumwelewa. Nikafungua orodha niliyomtumia usiku. Mimi niliandika haraka haraka, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili, kama ninavyoandika siku zote:

7) Dagaa kg 15
8) Mawese dumu 2
Kituo:Tabora
Malipo:Pesa taslimu

Yeye alichopata ni hiki:

7) Dagaa kg 15
😎 Mawese dumu 2
Kituo:Tabora
Malipo😛esa taslimu

Namba nane imevaa miwani ya jua, na penye pesa kuna mtu katoa ulimi. "Samahani mama, si mimi, ni simu." Akaniuliza simu imeota ulimi lini.

Nauza dagaa na mawese kutoka Kigoma. Dagaa nachukua Kibirizi, mzigo unapanda treni, na mazungumzo yote ya oda na bei yako kwenye simu. Hii programu ya ujumbe niliwekewa na kijana wa duka la simu Mwanga, akaisifia kwamba inaipa meseji uso. Jina lake silitaji. Kwa meseji za nyumbani sina ugomvi nayo kabisa: naandika :) kwa vidole viwili, mdogo wangu anaona sura ya njano inacheka, basi. Vilevile ni nyepesi, haili bando, na hata simu ikiwa imejaa haigandi. Tatizo langu ni pale inapoingia kwenye kazi.

Nilichokuja kugundua ni kwamba inatafuta herufi tu, haiangalii zimekaa wapi. Ikikuta nukta mbili na P, kwake huo ni ulimi, hata kama P ni ya "Pesa". Nane na mabano ni miwani. Mzigo wa Dodoma ukaandikwa "Kituo😀odoma". Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu hungoja kuona nafasi kabla na baada ya alama ndipo igeuze. Hii haingoji chochote.

Lakini hata hilo ningelisamehe. Kubwa zaidi ni kwamba haigeuzi kwenye kioo cha msomaji, inageuza maandishi yenyewe kabla ya kutuma. Ukishabonyeza, herufi zako zimekwisha, hazirudi.

Na hapo ndipo salio linapoumia. Wateja wangu kadhaa wana viswaswadu, zile simu ndogo za vitufe, hao nawatumia SMS za kawaida. SMS moja ya herufi zetu za kawaida inabeba herufi 160. Ukichomeka emoji moja tu, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo mwingine wa kuhifadhi herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Nilikuwa nashangaa kwa nini oda fupi inakatwa kama SMS mbili. Kumbe ni kicheko nilichoweka mwishoni kwa adabu. :) ikibaki kama ilivyo ni herufi mbili tu, haigharimu kitu. Ikigeuzwa kuwa picha kabla ya kutoka, nalipia mimi, na mwenye kiswaswadu anaona kisanduku kitupu.

Aliyependekeza vialama hivi vya nukta mbili na mabano ni Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, tarehe 19 Septemba 1982. Wenzake walikuwa wanaandikiana kwenye kompyuta, utani unachukuliwa kuwa kweli, akasema mwenye kutania aweke :-) na kwa jambo lisilo la utani iwekwe :-( basi. Ni herufi za kawaida ambazo msomaji anazilalia kichwa na kujionea sura mwenyewe. Emoji ni kitu kingine: kila moja ina namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta na simu, ambayo ilizipokea kwa wingi mwaka 2010 katika toleo la 6.0, na kila kampuni inajichorea ya kwake. Ndiyo maana kicheko changu na kicheko unachokiona wewe si lazima vifanane.

Emoji zenyewe nazipenda, nisieleweke vibaya. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika. Zamani nilikuwa naandika maelezo marefu kila mwezi. Siku hizi natuma 🌕 na mteja mwenye simu janja anajua dagaa watapungua, bei isimshtue. Giza likirudi natuma 🌑. Huo mwezi nimeuchagua mwenyewe, haukujichomeka.

Nina programu nyingine ya kukusanyia habari kutoka tovuti mbalimbali, nasomea bei na habari za mpira. Nayo inaonyesha sura kama picha, na ina vituko vyake: tovuti nyingine hutuma emoji kama picha ndogo yenye maelekezo kwamba iwe na kimo cha herufi, yeye anayatupa hayo maelekezo, basi katikati ya sentensi linatokea lisura kubwa linalosukuma mistari juu na chini. Inachekesha. Hata hivyo naiheshimu kuliko ile ya ujumbe, kwa sababu nikizima picha, maneno ya mwandishi yanabaki kama alivyoyaandika. Imegusa macho yangu tu.

Kuzima kwenye programu ya ujumbe kunawezekana, ila wamekuficha kweli kweli. Hakuko kwenye mpangilio wa ujumbe. Kumo ndani ya mpangilio wa kibodi, chini kabisa, pamoja na usahihishaji wa maneno, na kumeandikwa "Maandishi mahiri". Nilihangaika jioni mbili kabla ya kukupata. Baada ya kuzima, 8) ni nane na mabano, na emoji nikitaka naichagua kwa mkono.

Nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa nne kama ingekuja ikiwa imezimwa. Ukiishaiweka, kabla hujaizima, acha nafasi baada ya nukta mbili, na orodha yako andika 8. badala ya 8).

Mama wa Tabora tumeshapatana. Ila tangu siku ile oda zake ananitumia kwa sauti.