Biti ya dhahabu au nyeusi? Uliza kwanza kinacholika

Habari za leo mafundi wenzangu. Niko karakana, hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mezani nina biti tatu za drili, zote milimita 8: ya dhahabu, nyeusi ya kizambarau, na isiyopakwa kitu. Swali lenu kila siku ni moja, "Fundi, hii ya dhahabu si ndiyo kali?"

Ile dhahabu halisi ni ngozi nyembamba ya naitraidi ya titani, iliyopakwa juu ya chuma cha biti. Kwa kipimo cha Vickers ugumu wake unafika kama 2,300, wakati chuma kizuri cha biti kina 800 hadi 900 hivi. Ni ngumu kweli. Ila unene wake ni maikroni 2 hadi 5 tu (maikroni elfu moja ndiyo milimita moja), na unywele wako una kama 70! Chuma cha chini kikiwa laini kinabonyea, na ngozi inapasuka juu yake. Kwa hiyo mimi naanza na tupa, kupima chuma cha chini. Sikilizeni, hii isiyopakwa... tupa inateleza, haing'ati. Chuma kigumu hicho. Sasa hii ya dhahabu, niliinunua kwa sababu ya bei... mnaona unga? Tupa imeila. Imeniuma, maana niliifungia kazi ya mteja.

Nyeusi ina alumini ndani ya naitraidi. Ikipata moto, alumini inafanya oksidi inayoikinga, inavumilia hadi karibu nyuzi 800. Ichukue kwa stenlesi. Madirisha ya alumini usiitumie, alumini itagandia kwenye ncha. Hapo isiyopakwa inatosha, na mafuta kidogo.

Ukinoa kwenye grinda, ngozi ya ncha inaondoka. Ya kwenye mifereji inabaki, inasaidia taka kutoka.

Sasa hili ndilo lililonifanya niwashe kamera. Mzee mmoja wa Mbarali kaniletea plau ya ng'ombe, ncha imelika imekuwa butu kama kidole. Kasikia habari za dhahabu, anataka nimpakie. Nikamwambia, mzee wangu, shikamoo, usitupe hela. Biti inakufa kwa moto na msuguano. Plau inakufa kwa mchanga. Punje nyingi za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha plau chenyewe, zinakikwangua siku nzima. Maikroni 3 hapo hazimalizi hata tuta moja.

Plau inataka unene. Nachomelea kwa fimbo za kromu na kaboni nyingi, zile za kuongezea ugumu, tabaka la milimita 2 au 3. Ufa mdogo mdogo ukitokea kwenye mshono msiogope, ndivyo zilivyo. Na nachomelea upande mmoja tu: upande laini unalika haraka, mgumu unabaki mbele, ncha inajinoa yenyewe shambani.

Haya, nimeshasugua kutu. Nyie msioangalia kwenye simu, mliosimama hapa mlangoni, geuzeni macho, nawasha.