Chanjo ya mkanda wa jeshi: kirusi hai au liposomu?

Zostavax, iliyoacha kuuzwa Marekani mwaka 2020, ilikuwa kirusi hai kilichodhoofishwa, sindano moja chini ya ngozi. Shingrix haina kirusi: ina mikrogramu 50 za protini yake, pamoja na liposomu, vifuko vidogo mno vya mafuta vilivyobeba viamsha kinga viwili, MPL na QS-21, mikrogramu 50 kila kimoja. QS-21 hutoka kwenye gome la mti wa Chile. Ikiwa peke yake hupasua seli. Kolesteroli ya kwenye ukuta wa kifuko huidhibiti, nayo bado huamsha kinga.

Tofauti ni kubwa. Katika majaribio mawili tofauti, Zostavax ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 51 (miaka 60 na zaidi), Shingrix kwa asilimia 97 (50 na zaidi). Mwenye kinga dhaifu sana hapewi kirusi hai. Shingrix anapewa, na kwangu hilo ndilo la kwanza.

Zostavax ya Marekani ilikaa kwenye friza. Shingrix nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda, itupe. Ukishachanganya unga na kimiminika, ichome ndani ya saa 6, kwenye msuli. Dozi ya pili: baada ya miezi 2 hadi 6. Mwambie mgonjwa mapema kwamba mkono utauma na homa huenda ikaja, asije akaikimbia dozi ya pili.