Nilivyomchagua daktari wa kunibadilishia goti katika hospitali ya serikali

Hapa Malindi mtu akiandikiwa rufaa ya goti huambiwa aende tu, atapasuliwa na daktari atakayemkuta. Mimi sikukubali hivyo. Ni kweli hakuna orodha ya madaktari iliyobandikwa ukutani ili mgonjwa achague, lakini nafasi ya kuchagua ipo, na kwa upasuaji mkubwa namna hii inafaa kuitumia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Goti langu la kulia lilikuwa limekwisha gegedu, mfupa unasuguana na mfupa. Nilikuwa siwezi kukaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, na ngazi nilizishuka kwa kushika ukuta. Vidonge, sindano ya gotini na mazoezi ya fizio, yaani tiba ya viungo, vilinisogeza muda mrefu, mpaka vikashindwa.

La kwanza nililoligundua nililipata kwa karani wa kliniki. Nilimuuliza hivi: madaktari wa mifupa wote wako siku moja? Akasema la. Kila timu ina siku yake ya kliniki na siku yake ya theata, na mgonjwa akishafunguliwa faili kwa timu moja kwa kawaida hubaki nayo. Kumbe kuchagua siku ndiko kuchagua daktari! Hakuna aliyekuwa ameniambia, na sidhani wangeniambia nisingeuliza.

Majina niliyapata kwa kijana wa fizio aliyekuwa akininyoosha. Watu hawa ndio wa kuulizwa. Madaktari huona goti likiwa wazi theata, lakini fizio hulipokea baadaye: analiona linalokunjika vizuri na linalokataa, linalovimba mwezi mzima, na anajua limetoka mkono wa nani. Nilimuuliza, “Mwanangu, angekuwa mama yako, ungempeleka kwa nani?” Akafikiri kidogo, akanitajia wawili. Nikamwomba binti yangu awatafute kwenye rejista ya baraza la madaktari, KMPDC, ambayo iko wazi mtandaoni. Humo mtu anaona kama daktari ana leseni na kama ametambuliwa kuwa bingwa wa upasuaji wa mifupa. Wote wawili walikuwemo.

Wa kwanza ndiye mwenye jina kubwa. Alitazama picha niliyokwenda nayo, iliyopigwa nikiwa nimelala, akasema goti ni la kubadilisha. Hakuligusa. Nikamuuliza mwaka uliopita alibadilisha magoti mangapi. Akasema, “Mama, kazi hii nimeifanya miaka mingi.” Nikamuuliza kama nitaweza kusujudu. “Utafanya kila kitu.” Nilipewa tarehe, nikashukuru, na sikurudi. Huenda ni fundi hodari, lakini maswali yangu mawili yalibaki bila jibu.

Wa pili alinikuta nimekaa, akasema, “Shikamoo mwalimu,” kisha akaniomba nivue viatu nitembee mpaka mlangoni nirudi. Akanilaza, akakunja nyonga yangu kwanza kabla ya goti, akaeleza kuwa nyonga mbovu inaweza kutuma maumivu gotini, na mtu akabadilishiwa kiungo kisicho na kosa. Halafu akanirudisha kupiga picha nyingine, safari hii nimesimama. Aliziweka mbili pamoja akanionyesha kwa ncha ya kalamu: kwenye ile ya kulala kulikuwa na mwanya mwembamba kati ya mifupa, kwenye ile ya kusimama mwanya haupo kabisa, kwa sababu uzito wa mwili umeukandamiza. Hapo nikaelewa goti langu kuliko miaka yote niliyoishi nalo.

Swali la idadi alilijibu kwa idadi. Akaongeza, kabla sijauliza, wangapi walipata maambukizi na walifanywa nini. Alisema duniani maambukizi huwapata kama mmoja au wawili katika kila mia, na daktari anayekwambia hajawahi kuyapata huenda hafuatilii wagonjwa wake. Nani atashika kisu? Yeye mwenyewe, akisaidiwa na daktari mwanafunzi ambaye angeshona ngozi mwishoni. Kuhusu kudumu, alinitajia utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019: takriban magoti bandia 82 kati ya 100 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25.

Na kusujudu? Alinyamaza kidogo. Akasema goti la chuma na plastiki, likifanikiwa sana, hukunja kama digrii 110 au 120. Kuchuchumaa nisahau. Kupiga magoti wengine huweza, wengi hawastareheki, kwa hiyo nijitayarishe kuswali kwenye kiti. Niliumia kusikia, lakini hilo ndilo jibu lililonifanya nimchague. Daktari aliyenitajia nitakachokosa ndiye niliyeweza kumwamini katika nitakachopata.

Kisha akakataa kuniandikia tarehe. Kipimo changu cha sukari cha miezi mitatu kilikuwa juu, naye hampasui mtu wa sukari iliyopanda, kwa kuwa kidonda hukawia kupona na vijidudu hupata nafasi. Nikarudi nyumbani na kazi ya kufanya.

Muda ulikwenda. Mgomo wa madaktari wa 2024, kuanzia Machi hadi Mei, ulisimamisha kliniki, na Oktoba mwaka huohuo bima ya afya ya taifa, NHIF, ikaondoka ikaja SHA, kila mtu akajisajili upya. Ushauri wangu katika pesa ni huu: uliza mapema, na uombe jibu kwa maandishi, kiungo bandia chenyewe kinalipwa na nani. Kitanda, theata na daktari ni jambo moja, chuma ni jambo jingine. Sisi tulichanga kama familia kujazia, na tungekuwa tumebanwa vibaya kama tungeambiwa siku ya kulazwa.

Upasuaji wenyewe niliahirishiwa mara moja, nimekaa na njaa tangu usiku wa manane, na hakuna aliyenieleza mpaka adhuhuri kwamba vyombo havikuwa tayari. Mgonjwa mzee hafai kufanyiwa hivyo. Siku yenyewe ilipofika nilidungwa sindano ya mgongo, nikawa macho nusunusu, na kesho yake wakanisimamisha na kiunzi cha kutembelea.

Wiki za mwanzo ni ngumu, asikudanganye mtu. Zoezi lililonitoa machozi ni la kupitisha leso iliyokunjwa chini ya unyayo, kuvuta ncha zake kwa mikono miwili, goti lijikunje taratibu mpaka likatae, kisha kulishikilia hapohapo. Fizio niliifanyia hapahapa Malindi, karibu na nyumbani, na hilo daktari alilipanga kabla ya upasuaji kwa barua.

Sasa natembea mpaka sokoni bila tuktuk. Upande wa nje wa goti una sehemu iliyokufa ganzi, nilionywa ingekuwepo. Nazi nakuna kwa mashine ya mezani, naswali kwenye kiti.

Binti ya dada yangu yuko Uingereza. Kule viungo bandia vinaandikwa kwenye rejista ya taifa tangu 2003, na mgonjwa akitaka anaona daktari fulani hufanya upasuaji mara ngapi. Natamani sana kaunti zetu zifanye hivyo. Mpaka ziamue, swali itabidi tuliulize kwa mdomo, na daktari mzuri halichukii.

Ndugu zangu wa Lamu, kwenu kuna la ziada, maana safari ya kushuka Mokowe na kukaa ndani ya basi saa nyingi haifai goti lililotoka kushonwa. Damu huweza kuganda mguuni. Tafuteni jamaa wa kukaa kwake mpaka nyuzi zitolewe, yaani kama wiki mbili, na siku ya kurudi mshuke kila basi linaposimama mtembee kidogo. Kama daktari amewapa dawa ya kuzuia damu kuganda, msiikatize kwa sababu maumivu yamepungua. Na shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikawa fupi ghafla, hiyo ni ya hospitali wakati huohuo, hata kama ni usiku.