Uzoefu wangu na Fantasy Premier League: mgeni mbele ya wakongwe

Kwa misimu kadhaa sasa nimekuwa nikicheza Fantasy Premier League, mchezo wa bure wa mtandaoni wa kuunda kikosi kutokana na wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanayoyafanya uwanjani, katika ligi ndogo tuliyoianzisha wenyewe hapa Mwanga, Kigoma, yenye walimu, madereva wa bodaboda na vijana wa bandarini. Kila anayetaka kujiunga nasi huuliza kwanza kama ataweza kushindana na watu walioujua mchezo huu siku nyingi.

Ataweza, ilimradi aanze Agosti. Msimu unapofunguliwa kila mtu hupewa bajeti ya pauni milioni 100, anunue wachezaji 15 wasiozidi watatu kutoka klabu moja, na pointi za mwaka uliopita hazimbebi bingwa wala hazimwadhibu aliyeshika mkia. Kwa hilo nauweka mbele ya michezo ya umeneja ambayo timu yako hudumu miaka na miaka, kama Hattrick iliyoanzia Sweden mwaka 1997, ambako mkongwe ana wachezaji aliowanoa kwa misimu mingi huku mgeni akianzia madaraja ya chini. Michezo ya namna hiyo ina utamu wake, lakini kijiwe chetu hupata watu wapya kila mwaka, na wengi wao wasingekuwa na subira hiyo.

Hata hivyo, usawa wa fedha haufuti tofauti ya uzoefu, nayo huonekana zaidi kwenye uhamisho. Kila wiki ya mchezo unaruhusiwa kubadili mchezaji mmoja bila gharama, na kila anayezidi hapo hukukata pointi 4. Fundi simu mmoja kijana aliyejiunga nasi alikuwa kila Jumatatu akimtoa mshambuliaji aliyekosa bao na kumleta aliyefunga mawili, uamuzi unaoonekana wa busara mpaka ufungue ratiba na kukuta kwamba aliyeletwa anakwenda ugenini kwa timu yenye ukuta mgumu, ilhali aliyetolewa anaikaribisha nyumbani timu iliyopanda daraja. Mkongwe huangalia mechi nne au tano zijazo, na asipoona sababu huuacha uhamisho ulale, maana siku hizi unaweza kulimbikiza hadi mitano. Ndivyo ilivyo pia kwa Wildcard, kadi inayokuruhusu kubadili kikosi kizima bila kukatwa pointi: mgeni huichoma mapema kwa hasira ya wiki moja mbaya.

Jambo jingine ni saa, na hili linatuhusu sisi tulio mbali na London. Mabadiliko hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi hiyo ikiwa Jumamosi saa sita na nusu mchana kwa saa za kwao, kwetu mwisho ni saa saba mchana, lakini wakisharudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba mwisho unakuwa saa nane. Wiki ikianza na mechi ya Ijumaa usiku, aliyezoea kupanga kikosi Jumamosi asubuhi, baada ya kununua bando, hukuta kila kitu kimefungwa tangu jana yake. Wakongwe wetu hukagua ratiba tangu Jumatatu, ingawa nao hupenda kusubiri hadi dakika za mwisho ili wasikie habari za majeruhi.

Mahali ambapo mchezo wenyewe unamwelemea mgeni ni pale anapojiunga katikati ya msimu. Anayeingia Januari hupewa milioni 100 zilezile wakati bei zimekwisha kubadilika: mchezaji aliyenunuliwa Agosti kwa milioni 7.0 akapanda hadi 7.2, mgeni humlipia 7.2 kamili, ilhali mkongwe anayemuuza hurudishiwa 7.1, na asipomuuza anabaki na mchezaji aliyempata kwa bei ya chini. Pengo la pointi ndilo baya zaidi, kwa sababu mamia ya pointi hayafidiwi kwa miezi iliyobaki hata ukicheza vizuri kiasi gani.

Dawa yake imo ndani ya programu yenyewe. Anayefungua ligi anaweza kuchagua wiki ambayo pointi zitaanza kuhesabiwa, au akafungua ligi ya ana kwa ana, ambayo kila wiki unakutana na mpinzani mmoja, ukishinda unapata pointi 3 na sare pointi 1, hivyo mgeni anaweza kumwangusha kinara wikiendi moja tu akipatia nahodha, ambaye pointi zake huzidishwa mara mbili. Sisi hufungua ligi ya pili kila Januari kwa ajili ya wageni, na tatizo pekee tulilonalo ni wakongwe waliokwisha kuachwa mbali kwenye ligi ya kwanza, ambao nao huja kuomba msimbo wa kujiunga.